Limi, habari za mikono ya Kabula

Limi mwanangu,

Barua nilizofundishwa kuandika kabla sijatolewa shule, nikiwa darasa la nne, zilianza zote kwa kuuliza hali. Yako naijua, kwa hiyo sitaiuliza. Nimekaa kwenye kile kiti chako kifupi cha darasani, magoti yamefika kidevuni, maana ndicho kilicho karibu na meza. Leo ni Jumapili. Tumetoka ibadani, tumekula, mwanao Kabula amelala kwenye mkeka mlangoni penye upepo. Naandika polepole. Ukiona neno limekosewa lipite tu, kama ulivyokuwa unafanya ukiwa chuoni ukisoma barua zangu.

Nataka nikupe habari za mikono ya Kabula. Uliondoka hujui, na hakuna mwingine wa kukuambia.

Siku tuliyokuzika, sanduku liliposhushwa, mchungaji aliita ndugu waje watupe udongo, kama desturi ilivyo. Nilitupa. Kaka zako wakatupa. Nkwimba, shangazi yake wa Mwandoya, akamshika Kabula, akamwinamisha, akamwekea udongo kiganjani, akamwambia, "Haya mama, muage." Hakuwa na ubaya, Limi. Alikuwa analia huku anamshika. Lakini ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mweusi ukilowa unaujua. Mtoto alirusha, ukadondoka nusu, nusu ukabaki umemng'ang'ania. Akakiangalia kile kiganja. Akakipangusa kwenye gauni. Akaniangalia mimi.

Nilidhani ni uchungu tu wa siku ile.

Tuliporudi akaomba maji anawe. Jioni akanawa tena. Kesho yake na siku zilizofuata ikawa ndiyo kazi yake, kunawa, mpaka ngozi ya vidole ikakauka kama ya mtu anayefua nguo za watu. Akaacha kukaa chini. Akaacha kushika ugali, akataka kijiko, yeye ambaye ulikuwa unamsema kwa kula kama mchunga ng'ombe. Akitembea, mikono kaificha kwapani. Akisalimiwa na wakubwa hapokei mkono, anainama tu, watu wakadhani nimemlea vibaya.

Darasa lako la chekechea halikufungwa. Wazazi walikaa kikao chini ya bati la banda letu, wengine wakasema watoto wapelekwe kwingine, mzee Shija akasema, "Kwingine wapi, kule wanakoimba tu irabu kama kwaya?" Akapatikana Rehema, yule binti wa duka la pale karibu na soko, amemaliza kidato cha nne anasubiri chuo. Anakuja asubuhi na baibui lake limenyooshwa, anafundisha herufi na namba, na watoto wanampenda. Ila siku ya kwanza tu aliona lile beseni lako la udongo wa kufinyangia, akaniambia, "Bibi, haya maumbo fanya wewe. Mimi haya ya kuchafuka sijafundishwa, na baibui ni jipya."

Mimi. Mtu niliyekuwa nakupikia uji na kukukatia mabua ya pamba.

Niliogopa sana. Uji ukiungua, utamwagwa. Lakini mtoto ukimfundisha kosa, si ataondoka nalo mpaka uzeeni? Nilijaribu kukumbuka ulivyokuwa unafanya. Ulikuwa humwambii mtoto kwamba hii ni duara. Ulimpa kifuniko akibingirishe, ukampa boksi alibingirishe, na boksi likigoma anakuja kukushitakia. Mabua mliyafunga kwa kamba ya katani, manne mkapata mraba unaoyumba, matatu mkapata pembetatu isiyoyumba hata ukiikalia, na siku ile nilikuwa napita na ndoo ukaniita, "Mayu, njoo ukalie hii." Nikakataa, nikasema wewe unawachafua watoto wa watu, wazazi wao wanataka wasome. Ukaniambia, "Mama, kona haisomwi, kona inaguswa." Halafu Dotto, yule binti wa mzee Shija mwenye maneno, akauliza ni ng'ombe gani mwenye pembe tatu, darasa zima likaanguka kicheko na wewe ukaanguka nalo.

Basi nikafanya kama nilivyokuona. Nililoweka udongo kutoka lamboni, nikaukanda, nikawagawia. Wakatengeneza nyoka, wakamfanya nyoka aume mkia, duara ikapatikana. Wakamkunja nyoka kona, mraba ukapatikana, mbovu mbovu. Ilikwenda. Ila Kabula alikuwa akiona beseni linaingia anageuza kigoda chake, anatazama ukuta. Hakulia wala kusumbua, Limi. Hilo ndilo lililonitisha. Wenzake wanaimba maumbo, yeye anahesabu nyufa za ukuta, mgongo wake mdogo umenyooka kama wako.

Hata penseli aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama kitu cha moto, kisha anaiacha. Rehema akaniambia kwa upole, "Bibi, mwezi wa kwanza darasa la kwanza watamtaka aandike jina." Nikasema najua.

Na Nkwimba akapiga simu kutoka Mwandoya. Amesikia, habari zinatembea. Akasema, "Mama, mtoto amefungwa mikono. Hilo si la shule. Hapa yupo mtu anawafungua wengi. Tukimaliza kuvuna pamba naja kumchukua, nimempigia baba yake huko aliko, amekubali." Sikumjibu vibaya. Ni mtoto wa kaka yake, na ng'ombe za mahari yako zilitoka kwao. Nikasema tu, "Njoo, tutaongea." Lakini simu ilipokatika nilikaa pale chini. Nikajiuliza, kama kweli amefungwa? Mimi najua nini? Na kama hajafungwa, akapelekwa akachanjwa chale kwenye hiyo mikono na kupakwa majivu na mizizi, yeye ambaye hataki hata vumbi, si atakwenda mbali zaidi, mahali ambapo mimi simfikii? Ulikuwa ukinicheka kwa hofu zangu. Hii ungenihurumia.

Nikasema, kama tatizo ni udongo, basi tuache udongo. Viazi vilikuwa vimekomaa. Nikaamua tukate michembe na watoto, wapange vipande vya viazi kwenye jiwe lile la nyuma ya nyumba vikauke, na palepale wajifunze duara. Chakula atakishika, nilisema, chakula si uchafu. Nikamenya beseni zima, nikakata, nikawapa, nikawafundisha: hii ni duara. Wakaitikia, duara. Wakapanga jiwe zima. Dotto akawa anakagua kama mwalimu mkuu, "Wewe, duara yako imeingia kwa jirani." Nilijisikia nimefaulu, nakwambia kweli. Siku kadhaa tukaendelea hivyo hivyo.

Kumbe wewe Limi unajua tunavyokata michembe sisi. Kisu tunakilaza, tangu bibi zetu, ili kipande kitoke kipana kikauke upesi. Kiazi ukikikata hivyo hakitoi duara hata siku moja. Kinatoa yai. Nimekata mayai jiwe zima nikawaambia watoto wa watu ni duara, na wao wakapokea, na Dotto akaenda nyumbani akachora yai akamwambia baba yake hii ni duara, Bibi kasema.

Hakuna aliyeligundua. Mimi nimekata michembe tangu nina meno ya utoto, sikuligundua.

Kabula alikuwa kigodani, mbali kidogo, mikono kwapani. Nikamwona amesimama. Akaenda kwenye kabati lako, akachukua kile kifuniko cha kopo la mafuta mlichokuwa mnabingirisha, akaja mpaka kwenye jiwe, akakiweka juu ya kipande kimoja. Kipande kikachomoza huku na huku. Akaweka kwenye kingine. Kikachomoza. Akaniangalia kama unavyoniangalia wewe nikiweka chumvi mara mbili. Akasema, "Bibi, hivi vimelala."

Nikamwambia vimelalaje mwanangu. Akasema, "Kikate kimesimama."

Ng'wanone, mwanangu, hilo lilikuwa jambo la kwanza yeye kulisema darasani tangu uende.

Vilivyomenywa vilikuwa vimekwisha. Vilibaki vya kwenye gunia, vina vumbi la tutani. Nikataka nikamchukulie mimi, nikajizuia, nikajifanya naokota maganda. Alisimama mbele ya lile gunia muda mrefu, wenzake wakarudi kwenye michezo yao. Mwisho akachukua kikombe, akamimina maji juu ya kiazi bila kukigusa, akamimina, akamimina, mpaka kikawa chekundu kisafi. Ndipo akakishika. Akaniletea kwa mikono miwili kama mtu anayeleta kifaranga. Nikakisimamisha kisu, nikakata. Akaweka kifuniko. Akakunja uso. "Hakijafika kabisa," akasema, "lakini kimejitahidi."

Umejitahidi. Neno lako hilo, la kila daftari. Nikaingia ndani kuchukua chumvi ambayo sikuihitaji.

Kuanzia hapo akawa mkaguzi wangu. Kila kiazi kwanza kioshwe, kisha kikatwe kimesimama, kisha kipimwe. Watoto wakaambiwa upya kwamba yale ya mwanzo ni mayai, Dotto akasema basi tuyaatamie. Lakini udongo wenyewe bado. Beseni likija, ukutani. Nami nikasikia pamba inapelekwa mnadani, nikajua Nkwimba yuko karibu kuja.

Siku moja nilikuwa nachimba viazi vya mwisho, mgongo unaniuma, yeye kasimama kwenye ukingo wa shamba. Kiazi kikubwa kikakwama tutani, nikakivuta, kikakatikia mikononi mwangu, nusu ikabaki chini. Nikasema kwa uchovu tu, acha kioze humo. Akauliza, "Kitaoza?" Nikasema ndiyo. Akaja. Akachuchumaa. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Akauliza kitu ambacho nimekitafakari mpaka leo.

"Bibi, ule udongo niliomrushia mama, ulimpata usoni?"

Limi. Kumbe hilo ndilo alilokuwa anaosha.

Sote tulikuwa tunatafuta nini kimemfunga, mimi kwa hofu zangu, Nkwimba kwa mtu wake wa Mwandoya, Rehema kwa penseli. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amebeba peke yake kwamba amemrushia mama yake tope usoni, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemgombeza, na mama hakusema kitu.

Nikamwambia haukumpata, mama alikuwa kwenye sanduku. Akasema sanduku aliliona, lakini lilikuwa na mdomo? Nikasema lilifungwa, lina mfuniko. Akafikiri. "Kama boksi la chaki?" Nikasema, kama boksi la chaki. Nikaona hajaniamini kabisa, na kwa nini aniamini, mtu wa duara za mayai?

Kesho yake, Rehema alipoondoka, akachukua lile boksi la chaki, lile ulilokuwa unawafumba macho walipapase waseme lina nyuso ngapi. Akaenda kwenye mfuko wa pamba niliyobakiza ya kujazia mto, akachomoa kipande cheupe, akakiweka ndani. Akafunga mfuniko. Akapapasa kona zote kwa kidole, moja moja, na kingo, kama ulivyowafundisha, kuona kama pana tundu. Akalibeba mpaka nje, akaliweka chini. Mimi nilikuwa napepeta, ungo ukabaki hewani. Akainama akachota udongo. Kwa mkono wake, Limi, kiganja kizima. Akaurusha juu ya boksi. Akachota tena. Akarusha mpaka boksi likapotea. Kisha akakaa chini, ardhini, akalisubiri kidogo, akalifukua, akalipangusa, akafungua mfuniko.

Pamba ilikuwa nyeupe.

Aliiangalia muda. Akanionyesha. Akaifunga tena.

Mimi najua mengine kuhusu masanduku na udongo, na miaka. Sikuyasema. Atayajua kwa wakati wake, na pengine kufikia hapo nitakuwa nimekuja kwako, atamwuliza mwingine. Siku ile nilimwambia tu, "Umeona?" Akasema, "Nimeona." Akaomba maji anawe. Akanawa mara moja.

Nkwimba alikuja na kitenge chake cha safari na nauli ya kurudi na mtoto. Alipiga hodi, "Mwangaluka, mama," akakuta banda limejaa na beseni liko katikati, na Kabula kakaa chini, tope mpaka kwenye viwiko. Alisimama mlangoni na mkoba wake. Akakaa kwenye kigoda kile kitupu, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kimya kimya, watoto wakamwangalia kwa hamu. Kisha akasema, "Basi." Hivyo tu. Halafu akauliza wanafinyanga nini, Kabula akampa bonge na kumwambia atengeneze umbo lolote. Nkwimba akatengeneza ng'ombe, na nundu yake, hodari kabisa. Dotto akamwambia, "Shangazi, ng'ombe si umbo." Nkwimba akasema, "Kwetu ng'ombe si umbo, ni mali, wewe kaa na mraba wako uone kama utakamuliwa." Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu uende, na nilijisikia vibaya kwamba nimecheka, kisha nikaacha kujisikia vibaya.

Nilimweleza Nkwimba kuhusu lile swali. Nilimficha kidogo kwanza, nikahofia atajilaumu. Lakini akaliona usoni kwangu. Akasema, "Mimi ndiye niliyemshika mkono." Nikamwambia tulikuwa wote pale, desturi ni yetu sote, hakuna aliyemweleza mtoto. Aliondoka peke yake, na mfuko wa michembe, ya yai. Akasema ya duara haikauki upesi.

Sitaki nikudanganye kwamba yameisha. Kuna siku mikono inarudi kwapani. Jina lake anaandika, lakini ile K inaanguka chali. Anakuuliza. Juzi amemwuliza Rehema kama mbinguni kuna kona, Rehema akamwambia akaulize kwa Bibi, na mimi nikasema sijui, kwa sababu sijui. Mimi mwenyewe asubuhi bado nachota uji bakuli la kwanza nakugeukia nikupe. Ukiondoka mtu mzima hivi, mama anabaki na mazoea mengi yasiyo na pa kwenda.

Baba yako mko naye huko, mwambie paa la banda halijavuja. Mwambie na wewe upumzike, ulikuwa hupumziki.

Nimefika mwisho wa karatasi na Kabula ameanza kujigeuza. Wabeja, mwanangu, kwa yote uliyoyaweka kwenye vidole vya mtoto huyu kabla hujaondoka. Mimi nilidhani unawachafua.

Nakuahidi kitu kimoja, vingine siviwezi. Mwezi wa kwanza shule ikifunguliwa nitampeleka mwenyewe darasa la kwanza, kwa miguu, nimemshika mkono. Njiani lazima atainama aokote kitu, unamjua. Mkono ukiwa na tope sitautafutia maji wala sitaupangusia kwenye kanga. Nitaushika hivyo hivyo ulivyo mpaka getini.

Lala, Limi.

Mama yako.